Ukurasa wa Mwisho wa Fabiola

Jumatatu, 14 Oktoba 2024
Profesa Édouard amekuja hapa kambini Munigi kwa pikipiki. Chuo kinataka kumpa Fabiola wangu diploma, ingawa kolera ilimchukua miezi mitano iliyopita. Ila lazima mutu wa familia asome hitimisho la mémoire yake, kitabu cha utafiti wake, mbele ya jury, walimu wanaomhukumu, Jumamosi. Kompyuta yake ilibaki Rutshuru tulipokimbia vita. Profesa ana kurasa zote isipokuwa hiyo ya hitimisho, Fabiola aliiandika kwa mkono. Akaniuliza: Mama, uko nayo? Ndiyo, Profesa! — Mbio sana nilijibu.

Jumanne, 15
Nimepekua mfuko wa Fabiola. Karatasi haimo. Halafu nikakumbuka: Ijumaa karatasi za kufungia mandazi ninayouza ziliniishia, nikachukua moja humo, imechafuliwa kwa kalamu, nikaona haina kazi. Nimefungia mandazi mawili kwa maneno ya mutoto wangu. Hongera, mama!

Nimesoma kurasa nyingine, Profesa aliniachia nakala. Kifaransa changu ni cha darasa la sita, nasoma kama mbuzi anayetafuna gazeti. Nilichoelewa: protini fulani huvaa minyororo ya sukari. Ikivaa, inasimama vizuri kwenye ukuta wa seli, inakuwa mlango. Kalisi, madini ya mifupa, inapita, seli inapata habari. Bila sukari, inakwama ndani. Habari haifiki.

Aliwahi kunionyesha kwa andazi. "Mama, sukari inakaa huku nje." Nikamwambia aache kuilamba, wateja wanaona.

Alhamisi, 17
Nimepita hema kwa hema kuwauliza wateja wa Ijumaa. Jirani Damascène: "Mama Fabiola, miye nilikula, sikusoma!" Mke wake Béata akacheka: huyu hata kadi yake ya chakula hasomi. Kisha akatazama juu. Karatasi ile! Béata ameziba nayo tundu la hema. Nimempa mfuko wa plastiki, tumebadilishana.

Mafuta yangu na mvua ya Mungu vimeshirikiana. Yote yanasomeka, ila mstari wa mwisho umefutika katikati. Kwa Kiswahili unasema: protini isiyo na sukari haijafa, ila —

Ila nini, Fabiola?

Jumamosi, 19
Naandika kwenye benchi, nje ya ukumbi wa chuo. Profesa hajui habari ya tundu wala ya mstari uliofutika. Nimevaa kitenge cha Fabiola, kinanibana, angecheka. Nimewaletea jury mandazi, kana kwamba watanihurumia. Vidole vinanata kwenye karatasi.

Mlango umefunguka. Wanaita: Familia ya Fabiola? Miye! Mstari nitaumalizia kwa maneno yangu.

Haijafa, ila