Lugha Niliyoibuni Mwenyewe

Wewe, uko? Nimetoka kikaoni sasa hivi, masikio bado yanawaka.

Leo tulikuwa tunachagua lugha ya kompyuta ya kuiongezea uwezo mpya ile programu tunayohariria vitabu. Mimi nikapeleka ya kwangu. Ile niliyoibuni mwenyewe, kila amri ina mizani nane kama kipande cha shairi. Mizani nane kamili!

Bosi, yule anayechapa kwa kidole kimoja, akasema, "Mimi naona Python. Jina nimewahi kulisikia."

Jina amewahi kulisikia! Basi huo ndio utaalamu wake.

Nikapandwa na hasira. Nikawaambia wanachagua gunia wakati hariri iko mezani.

Ndipo dada msahihishaji, ambaye ndiye atakayeitumia lugha yenyewe kila siku, akauliza kwa upole, "Kaka, nikikwama nimuulize nani?"

"Mimi."

"Na siku ukiumwa?"

Bosi akacheka mpaka akapaliwa. "Malenga, jibu swali!"

Malenga! Mbele ya watu wote!

Lakini yule dada hakucheka, ndugu yangu. Alikuwa anangoja jibu kweli, kalamu mkononi.

Tukapiga kura.

Python imepita kwa kura zote. Ndiyo, pamoja na yangu. Ole wako umwambie mtu.