Wiki ya Kongosho

Jumatatu, 4 Machi
Tumbo la Mama tena! Limemshika baada ya chakula cha mchana. Kaacha gauni la mteja halina mkono mmoja, kaiinamia cherehani na kuikumbatia. Akilala chali analia. Akiinama anapata nafuu kidogo. Mjomba, kaka yake, anasema ni vidonda vya tumbo, kamletea vidonge vya kutafuna. Mjomba ana dawa ya kila kitu. Nilitaka kubisha—ulimi ukaganda. Shuleni waliniita Bubu. Shule imeisha, jina limebaki.

Jumanne, 5 Machi
Saa tatu asubuhi katapika. Saa nne tena. Maumivu pale pale, hayapungui—yanatoka chini ya kifua, yanatokea mgongoni. Macho yana umanjano!

Baadaye. Hospitali. Mjomba alishaeleza yote, daktari wa zamu alishaanza kuandika dawa za vidonda. Nikafungua daftari hili—hili hili!—nikasoma kwa sauti, macho chini. Kalamu yake ikasimama. Akaniambia nisome tena, polepole. Nikasoma hata pale pa "Mjomba ana dawa ya kila kitu". Jamani! Daktari alikohoa. Kisha akaagiza vipimo vya damu.

Jumatano, 6 Machi
Si vidonda. Ni kongosho, imevimba! Kimeng'enya chake cha kusaga chakula kimejaa kwenye damu kupita kiasi. Picha imeonyesha vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Kimoja kimeshuka na kuziba njia ya nyongo na kongosho. Kalazwa, dripu mkononi, sindano za maumivu. Mama, kwa sauti ndogo:
"Miaka arobaini na mbili naishi nayo, haijanisalimia hata siku moja. Leo ndiyo inakuja na hasira hizi?"

Ijumaa, 8 Machi
Vijiko sita vya supu, havikurudi! Umanjano unafifia, daktari anasema kijiwe kimepita chenyewe. Muuguzi kaniuliza: "Wewe ndiye yule msomaji?" Mimi! Bubu!

Jumatatu, 11 Machi
Upasuaji ni keshokutwa. Kifuko kitolewe kabla Mama hajatoka, maana vijiwe vingine bado vimo, na kimoja kikishuka yote yataanza upya. Mama kakubali. Sasa Mjomba kaja: "Mgonjwa anakula, anacheka, kumpasua kwa nini? Twende nyumbani." Kaka yake mkubwa kasema, Mama kaanza kutafuta viatu. Mjomba kafungasha nguo, kafunga begi.

Nimesema hapana. Kwa sauti! Hata mgonjwa wa kitanda cha jirani kageuka. Kisha nimekalia begi. Naandika nikiwa juu yake.
"We mtoto, inuka."
Siinuki.
"Nani kakufundisha kubishana na wakubwa?"
Mama anacheka, kashika tumbo. "Kaka, mwache. Mwanangu, msomee mjomba wako tangu ile Jumatatu."
Yote, Mama? Hata pale pa dawa?
"Hasa pale."
Mjomba kavuta kiti. Nafunua ukurasa—