Hita ya Mzee Wekesa

Kitale,
Ijumaa, baada ya swala

Mke wangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na mwanetu Zuhura kikohozi kimemwacha. Mama je, mguu wake? Kila nikipiga kwa simu ya jirani nasema sijambo, maana najua jirani mwenyewe amesimama pembeni anasikiliza. Leo nakuandikia nikujibu kweli.

Uliniuliza mambo mawili. Kwanza, unitumie lile sweta la marehemu baba? Pili, kaka yako Athumani ameniwekea nafasi gerejini kwake Changamwe. Narudi au sirudi, maana hawezi kunishikia milele. Swali hilo limeninyima raha. Niliondoka nikijigamba mbele ya shemeji zangu wote kwamba nitarudi na gereji yangu mwenyewe. Sasa nirudi na nini? Nilikuwa bado nababaika hivyo lilipokuja gari la Mzee Wekesa, hapa gerejini kwa watu ninapofanya kibarua.

Huyu ni mkulima wa Tongaren, hupeleka maziwa Bungoma kila alfajiri. Na alfajiri ya huku si ya mchezo. Ukungu unashuka mpaka barabara huioni, na kioo cha gari kinafunga mvuke kwa ndani. Alinijia amekasirika.

"Mombasa," akaniita, maana huku hakuna anayenijua kwa jina jingine, "hii gari yangu hita haipulizi kabisa. Naendesha na mkono moja, ingine napanguza kioo. Juzi karibu niingie mtaro na maziwa yote, bana."

"Nitaiangalia, mzee."

"Lakini si kwenu hakuna baridi? Utajua hita kweli?"

Nilicheka, lakini maneno yalinichoma. Kwetu nani anahangaika na hita?

Nilianza na fyuzi, nikaikuta nzima. Nikavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye mota ya feni. Ikaguna tu, haikuzunguka, nikajua imekwama. Nikajikunja chini ya dashibodi upande wa abiria, nikaitoa. Panya! Wamejijengea nyumba humo kwa ndevu za mahindi na maganda ya maharagwe, feni yote imezibwa. Nikasafisha, nikatia oili, nikairudisha. Ikavuma vizuri. Mzee akaweka kiganja mbele ya tundu, akanitazama.

"Sasa hii si upepo tu? Ati umeniongezea baridi!"

Nikafungua boneti niifuate mipira inayopeleka maji ya moto kwenye hita. Mwanaisha, haikuwa inakwenda kokote. Fundi fulani aliikata, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba la shaba, akakaza kwa waya vile vile tunavyokaza sisi.

"Hii gari ulinunua wapi, mzee?"

"Si ni huko kwenu Mombasa. Ilikuwa ya mtu wa duka."

Nilijua tu. Kwetu ndiyo kazi ya kwanza gari likitoka bandarini: unaifunga hita, isije ikampika mwenye gari miguu. Nimezifunga nyingi kwa mikono yangu, na sikuwahi kuifungua hata moja.

Nikatia mipira mipya, nikajaza maji, nikawasha injini. Mzee akaenda kunywa chai. Mimi nikabaki ndani, milango imefungwa, mvua inapiga juu, nangoja injini ipate moto. Kisha ikaja. Hewa ya moto, nzito, ikanipiga usoni kama ile inayotoka chumbani kwetu ukifungua mlango adhuhuri. Nikafumba macho. Nikalia, mke wangu. Mtu mzima mimi, na nguo zangu za grisi, nalia ndani ya gari la watu.

Mzee aliporudi alinikuta hivyo. Hakucheka. Alizunguka akaingia upande wa pili, akafunga mlango.

"Fundi, kwani jina yako ni nani?"

"Salim."

"Salim, uko na watu kwenu?"

"Nina mke na mtoto."

"Na hapa unafanya nini?"

Nikajipangusa uso kwa mkono wa shati, nikashuka nimpishe kiti. Akazunguka tena, akanipigapiga begani, akashika usukani akaenda zake. Nikarudi chumbani kwangu, nikala ugali nikitazama ukuta, na swali lake halijanitoka mpaka saa hii.

Mbusu Zuhura kwa niaba yangu. Mpe mama shikamoo, na jirani yetu wa simu mwambie safari hii kapitwa. Msalimie sana shemeji Athumani, umwombe asimpe mtu nafasi yangu. Shemeji zangu wakinicheka, wacha wanicheke nikiwa hapo.

Na lile sweta la baba, usilitume.

Mumeo,
Salim