Pipa la Baba Limefunguliwa

Alloa, Jumapili

Mdogo wangu Ruaridh,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Kanada, wewe na Shona na watoto. Huku tunajikongoja. Mimi mgongo unanisumbua, na Baba anapumua kwa taabu, ngazi zimemshinda. Kitanda chake nimekishusha sebuleni, karibu na moto. Nimechoka, mdogo wangu, sikufichi.

Krismasi ulipopiga simu ulisema tusiliguse pipa la wiski la Baba mpaka mwakani, litimize miaka hamsini, uje tulifungue pamoja. Lilipotimiza arobaini ulisema vivyo hivyo, tungoje hamsini. Baba akasema wewe unangoja namba, yeye anakungoja wewe.

Basi wiki iliyopita Murdo wa ghalani alilipima. Unajua ndilo la mwisho lililobaki tangu kiwanda alichofanyia kazi Baba kifungwe. Alisema pipa linapumua, kila mwaka kileo kinatoroka kidogo, na sasa kimebaki juu ya asilimia arobaini kwa unywele tu. Kikishuka chini ya hapo, sheria hairuhusu kuiita wiski. Alisema nikitaka kungoja ningoje, lakini mwakani nisimlaumu mtu.

Nilimwambia alifungue. Ndiyo, Ruaridh, bila wewe. Ijumaa alituletea chupa ya kwanza.

Baba aliinusa, akauliza ni nani aliyewadanganya watu kwamba hii inanywewa peke yake. Alisema yeye na wenzake kiwandani kazi yao ilikuwa kuipika kwa ngano, ikachanganywe na wiski za shayiri za viwanda vyenye majina makubwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwashukuru. Akaonja. Akaonja tena, kisha akasema kumbe walikuwa wanajua kazi. Nililia, naye akanitania kwamba naiharibu kwa maji.

Akaniamuru nikumiminie na wewe. Bilauri yako niliiweka mezani kando ya kitanda, akanikataza kuigusa. Kila gari liliposimama nje aligeuza kichwa.

Leo asubuhi nimeikuta tupu. Amesema ameinywa yeye, maana wiski ikikaa wazi inakufa, na Ruaridh haji. Hakusema kwa hasira. Ningefurahi kama angekuwa na hasira.

Daktari amesema ni suala la wiki chache, pengine pungufu. Usingoje mwakani.

Wabusu watoto, na Shona mpe salamu zangu nyingi. Ufunguo uko palepale.

Dada yako,
Elspeth