Alipoyameza Maji

Jumamosi, Novemba 1955. Ukungu haujainuka tangu asubuhi na nguo kambani hazijakauka. Hata moyo wangu ni hivyo hivyo.

Kabla ya Krismasi tutaiacha nyumba hii. Ni ya misheni. Hukaliwa na mwalimu anayefundisha, nami nimestaafu. Kwa miaka yote niliyoishi chini ya bati la watu wengine, nilijua nitakakojenga: Wusi, kwenye kipande cha shamba la baba yetu, karibu na kaka yangu Maghanga. Kijana wetu Elija, karani wa reli, ametutafutia nyumba Voi, nyuma ya stesheni. Nilikwenda kuiona. Vumbi, joto, walevi wa siku ya mshahara, na treni za wafungwa wa kambi ya Manyani zinazopita madirisha yamefungwa. Nilimwambia asante, mwanangu, lakini mtu hulea wajukuu mahali anapojua majina ya watu waliolima kabla yake.

Mke wangu hakusema kitu. Nilidhani amekubali.

Leo tulikwenda Wusi kupaweka safi mahali pa kujengea. Afadhali nieleze, maana vijana wa mjini hawajui tena. Kwetu Wadawida, hasira iliyofichwa ndiyo inayoleta maradhi katika nyumba. Kwa hiyo kabla ya kuweka jiwe la kwanza, ndugu wanakutana na kufanya kutasa. Kila mmoja anachukua funda la kinywaji mdomoni, anaitaja hasira yake moyoni, kisha anapuliza nje na kuomba heri. Mwenye kupuliza amesema mbele ya wote kwamba ndani hakuna kilichobaki. Kanisa halipendi mambo haya. Wazee nao hutumia pombe ya miwa, nami sinywi. Nikaomba tutumie maji, na nikajiambia kwamba kusameheana hakuwezi kuwa dhambi.

“Mwalimu, maji matupu?” Maghanga alicheka. “Unataka mababu wapate mafua?”

Lakini alikubali. Alipuliza yeye, akapuliza mkewe, nikapuliza mimi. Kibuyu kikafika kwa mke wangu. Akachukua funda, akasimama, akaangalia chini bondeni kwa muda mrefu.

Akameza.

“Shemeji,” Maghanga alisema, bado anatabasamu, “kama ni kiu ungesema, tukupe kikombe.”

“Si kiu,” alijibu. Akampa kibuyu kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaanza kuteremka.

Kaka hakutabasamu tena. Aliniambia nimlete kesho arudie, la sivyo hakuna jiwe litakalowekwa. Hawezi kuruhusu nyumba isimame juu ya hasira, karibu na watoto wake. Na ana haki. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Nilimfikia mke wangu njiani. Nilitaka kugomba, ila alianza yeye. Nilipokuwa chuoni nikisomea ualimu, yeye alibaki Wusi na watoto wawili, Ruth na mdogo wake. Mwaka ule wa jua kali maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu. Zamu yake ilipofika, mke wa Maghanga aliyageuza yaende shambani kwake, na Maghanga mwenyewe akasimama pale akasema Mtaveta kama yeye ni mgeni, mgeni hana zamu. Maharage yakakauka yote. Mke wangu akateremka Mwatate na watoto, akapanda treni kwenda kwao Njukini kuomba mahindi kwa mama yake. Mimi aliniambia alikwenda kuwasalimu.

“Huo ndio uongo wa mwisho niliousema kwa ajili ya ukoo wenu,” alisema.

Nilimwambia hayo ni ya zamani. Kaka amezeeka, ametupa mahali bila kinyongo. Nikamwambia apulize tu kesho, ni maji tu, dakika moja, tupate kujenga.

Alisimama njiani.

“Baba Ruth, miaka yote hii umewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo. Leo unanifundisha mimi kusema?”

Akashika njia mbele yangu mpaka nyumbani.

Sasa amekaa jikoni anachambua mboga, na mimi niko hapa na uchungu ambao sijui niuelekeze wapi. Kwa kaka, aliyepuliza maji leo kwa sauti kubwa kana kwamba lile la mfereji halikuwahi kutokea? Amesahau, na hilo ndilo baya zaidi. Kwa mke wangu, aliyeninyima nchi ya baba yangu kwa funda moja? Au kwangu, niliyekuwa nikizungumza mezani kila jioni kuhusu nyumba itakayotufaa: iwe na sala, isiwe na pombe, iwe na rafu ya vitabu, majirani wawe ndugu? Niliyapanga yote kama somo ubaoni. Sikumwuliza kama ataweza kuishi pale bila kudanganya kila anapomwamkia jirani.

Ninaitaka Wusi. Ninaandika hivyo ili nisijidai.

Lakini nyumba ambayo mlango wake unafunguliwa kwa uongo wa mke wangu, siwezi kumwingiza humo. Kama nimefundisha jambo moja tu nikalimaanisha, ni hilo la kutosema uongo.

Kesho baada ya ibada nitakwenda kwa Maghanga peke yangu. Nitamwambia kwamba mke wangu hakukosea kumeza, na nitamweleza kwa nini, kwa kuutaja mfereji. Atakasirika. Huenda tusile pamoja tena. Halafu nitamwambia Elija aishike ile nyumba, nasi tutashuka Voi, mimi na mama yake.

Sitaipenda. Na sitajifanya naipenda.