Breki Niliyoipima kwa Futi ya Nguo

Jumamosi, 14 Juni

Inatangazwa kwa heshima zote kwamba nati iliyopotea tangu Alhamisi imepatikana leo asubuhi ndani ya kopo la vifungo. Kuku waliotuhumiwa wameachiwa huru.

Siku ya tatu ya kazi. Cherehani imefunikwa kanga. Wateja nawaambia umeme umekatika. Cherehani yangu ni ya miguu, hakuna aliyeuliza.

Shokapu za mbele za pikipiki ya mke wangu, Milembe, zimetoka. Zilikuwa zinatapika oili tangu masika. Mpya si mpya: nimezipata Lamadi kwa muuza vyuma chakavu, bado zinanuka dagaa. Lakini zimekuja na tairi lake, lile la meno ya porini, na breki ya diski. Breki ya mbele ya zamani ilikuwa ya waya. Waya wenyewe umeshika kutu mpaka umekakamaa kama fimbo, hauendi mbele wala nyuma. Mke wangu anachanja ng'ombe hadi Kimali na breki hiyo! Nimeona aibu. Nimechelewa kumwokoa.

Masanja, mdogo wake Milembe, ni fundi pikipiki wa kweli. Karakana yake inatazamana na kibaraza changu. Kavuka barabara kuja kucheka. "Shemeji, hiyo haina pindo. Ilete huku."

Nimemwambia akazibe pancha zake. Kila ninachojua kuhusu pikipiki nimekiiba kwake kwa macho, miaka sita, huku natia vifungo. Hajui.

Jumapili, 15 Juni

Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nawaza mpira wa breki.

Kufunga shokapu ni nguvu tu. Kazi ni huu mpira unaoshusha mafuta ya breki kutoka usukanini hadi chini kwenye diski. Upite wapi? Kwa mbele ulining'inia kama kamba ya mbuzi. Kwa ndani uligusa tairi. Mwishowe nimeupitisha nyuma ya shokapu, nikaushonea vitanzi viwili vya ngozi ya ng'ombe, kimoja juu, kimoja chini. Uzi mara mbili.

Vipimo nimechukua kama ninavyochukua siku zote: mwenye nguo akiwa ndani ya nguo. Milembe juu ya kiti, boksi la chanjo nyuma yake, futi shingoni kwangu. Ziada yote ya mpira nimeivuta juu nikaikunja chini ya usukani. Kata kulia, kata kushoto: safi. Nimetoa upepo kwenye mafuta, nimebinya, diski inauma. Mpira umenyooka kama mshono wa suruali ya padri.

Nimemwita aone.

"Nzuri," kasema, huku anahesabu sindano zake.

Nilitegemea zaidi.

Jumatatu, 16 Juni

Kaondoka alfajiri. Siku tatu Kimali, boma kwa boma. Nimemsindikiza kwa macho hadi kona. Pikipiki inakwenda kama bibi harusi.

Cherehani imefunuliwa. Umeme umerudi.

Jumanne, 17 Juni

Siku mbaya.

Mzee wa kwaya kaja kujaribu suti. Harusi ya binti yake ni Jumamosi. Kasimama mbele ya kioo, suruali imemkaa vizuri mno. Kainama kufunga kamba ya kiatu. Ikapasuka toka kiunoni hadi nilikoshindwa kutazama.

"Fundi, ulinipima nikiwa maiti?"

Mkewe kacheka hadi kakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeganda na pini mdomoni. Mpira wa breki niliupima vilevile. Umetulia, umebeba mzigo, hauendi popote. Sikuacha hata nafasi ya kidole.

Nimevuka barabara. Imebidi nimwambie Masanja. Alicheka, akashika nguzo, akacheka tena. Kisha akauliza, "Nafasi umeacha kiasi gani?"

"Hakuna."

Akaacha kucheka. Kanieleza polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu. Mtu akikaa, shokapu zinajibana. Tairi likiangukia shimo, zinajinyoosha, shubiri nzima na zaidi. Mpira nao lazima ujinyooshe. Wangu hauna pa kwenda. Utakatika, mafuta yatamwagika, breki hakuna.

"Kule kuna mteremko wa kuingia mtoni, shemeji. Mawe matupu. Na yule ni dada yangu."

"Najua ni nani."

Nimempigia Milembe mara kumi na moja. Hapatikani.

Jumatano, 18 Juni

Hapatikani.

Masanja alitaka kumfuata. Leo yuko boma lipi? Hakuna ajuaye. Kabaki. Anafungua na kufunga injini ileile.

Nimeshona zipu ndani nje. Ugali umenishinda. Nimekumbuka alivyosema "nzuri" bila kutazama. Aliniamini, kumbe. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mtu wa kukagua ningelala.

Alhamisi, 19 Juni

Karudi saa tisa alasiri. Mzima. Vumbi hadi kwenye kope, kidumu cha maziwa ya mgando kimefungwa mbele, anasalimia jirani kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," kama mtu aliyetoka sokoni.

Sikumkumbatia. Nilipiga magoti kwenye tairi.

"Baba Limbu," kaniita, "mimi niko huku juu."

Mpira umekatika pale unapoungana na chuma cha diski. Mguu wa shokapu umeoshwa na mafuta, rangi imebabuka, vumbi limeganda juu yake na kukauka. Si la leo. Nadhani hata Jumatatu jioni hakuwa na breki ya mbele. Kateremka mtoni, kapanda, kazunguka maboma yote, kateremka tena.

Vitanzi vyangu viko imara. Mshono haukuachia hata uzi mmoja. Ungeachia, mpira ungepona.

Masanja kafika anahema. Kamtazama dada yake, katazama mpira, kakaa kwenye ndoo. Kisha kasema, "Maziwa hayo ni ya nani?"

Tumekunywa wote. Sijawahi kufurahia mgando kiasi hiki. Nimemtazama Milembe na kuwaza: mwanamke jasiri, kabaini hatari, kanyamaza ili nisifadhaike.

Ijumaa, 20 Juni

Mpira mpya. Leo nimekuwa msaidizi wa Masanja, nashika spana. Kainua pikipiki juu ya kreti, tairi likaning'inia, shokapu zikajinyoosha hadi mwisho. Hapo ndipo kapima. Kisha kaishusha, tukakaa wote wawili juu yake tuone mpira unajikunjia wapi. Haugusi tairi. Vitanzi kaniachia nishone mimi. Vilegevu.

Suruali ya mzee nimeiongezea kitambaa. Kainama mara tatu. Imekubali.

Jioni Milembe alikuwa anabangua karanga. Nimemuuliza alijisikiaje mtoni, alipobinya breki ya mbele akakuta haipo.

Kasema hakubinya, alikanyaga ya nyuma kama siku zote. Masanja alipomfundisha pikipiki alimwambia breki ya mbele inapindua mtu. Ana miaka tisa barabarani. Hajawahi kuigusa.