Masaa Matano ya Simu Yako

Kwako Baba Okoth,

Hamjambo hapo Migori? Mama miguu yake imepata nafuu? Okoth na kile kikohozi? Mimi huku Doha mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na ni wewe umeuchafua.

Naandika kwa sababu kwa simu ukishindwa na maneno unakata. Barua hukati.

Jumatano uliniweka kwa spika mbele ya baba yako na ndugu zake, ukasema, "Ondoka kesho asubuhi, Ijumaa alfajiri tunaanzisha boma letu." Nikasema siwezi. Ukacheka! "Doha mpaka Nairobi ni masaa matano, simu imeonyesha. Nairobi mpaka uwanja wa Migori, lisaa limoja. Mwanamke anayeshindwa na masaa sita hataki boma." Yawa! Miaka kumi na miwili ya ndoa, leo unanipima kwa kamstari kwenye simu?

Hiyo simu ilikuonyesha mama ninayemfanyia kazi akikataa kunipa ruhusa mpaka wageni wake waondoke? Ilikuonyesha tiketi yangu, inayonipeleka kwanza mji mwingine, nikae kwenye kiti cha chuma kutwa nzima nimekumbatia mkoba, ndipo nipande ya Nairobi? Na hako kandege ka Migori, uliuliza kanaruka siku gani? Hukuuliza. Nitapanda basi kama watu wengine, nifike miguu imevimba.

Hayo ningeyameza. Lakini ukaongeza kwamba nisipofika, yule mwanamke wa Homa Bay anayekuletea visamaki vya omena atabeba moto. Moto wangu! Sote tunajua siku ya kuanzisha boma mume anashika shoka, mwana wa kwanza anashika jogoo, na mke wa kwanza anabeba moto. Hata baba yako aliguna, nilimsikia, akasema mningoje. Mabati ya hiyo nyumba ni jasho langu, nikipiga pasi nguo za watu ambao hata jina langu hawalijui vizuri. Huyo wa Homa Bay ameleta nini? Omena! Aibu huoni, Baba Okoth?

Sasa sikiliza. Ijumaa yako imepita, na ruhusa yangu imetoka. Sabato ijayo ikipita, natoka huku Jumanne, nafika Alhamisi mchana, na Ijumaa alfajiri tunaanza. Barua hii anakuletea Atieno, rafiki yangu wa huku anayerudi kwao Uriri kwa tiketi kama yangu. Tunaagana leo Jumapili asubuhi. Akikukabidhi, muulize leo ni siku gani, kisha umtazame miguu. Halafu mpe chai, maskini.

Msalimie mama mkwe, mwambie dawa yake ya kuchua naibeba mwenyewe. Msalimie sana baba mkwe kwa kule kuguna kwake, Mungu amweke. Shemeji yangu mwenye ng'ombe za kulima, mwambie asiniuzie kuni mbichi. Na Okoth amchunge yule jogoo mwekundu, asije akachinjiwa wageni kabla ya siku yake.

Lakini nikifika nikute majivu pale bomani, sitauliza ni nani aliyewasha. Sitapiga kelele. Nitageuka na mkoba wangu nirudi huku. Si ni masaa matano tu?

Mimi mwenye moto,
Mama Okoth